Ardhi Iliyotakiwa, Watu Wasiotakiwa: Marekani Kutoka Barani Hadi Ng'ambo

Tarehe 4 Januari 1848, John C. Calhoun, seneta wa South Carolina, alisimama katika Seneti ya Marekani kupinga jambo lililokuwa likishangiliwa na wengi nje ya ukumbi ule. Jeshi la nchi yake lilikuwa limeuteka mji mkuu wa Mexico tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, na baadhi ya magazeti na wanasiasa wa chama cha Democratic walidai kwamba, kwa kuwa ushindi umeshapatikana, Mexico yote imezwe. Calhoun alikuwa mmiliki wa watumwa, na hakuna mwanasiasa wa zama zake aliyeutetea utumwa kwa juhudi kumzidi. Hakuna aliyeweza kumdhania kwamba anawahurumia Wamexico. Hoja yake ilikuwa nyingine kabisa. Alisema kwamba serikali ya Marekani ni serikali ya watu weupe, na kwamba kuiingiza Mexico katika Muungano ni kuwaingiza mamilioni ya wenyeji wa asili na machotara wakiwa raia sawa na weupe, jambo ambalo Muungano ule haukuwahi kulifanya na, kwa imani yake, haukupaswa kulifanya.

Majuma manne baadaye, tarehe 2 Februari, mkataba wa Guadalupe Hidalgo ulitiwa saini. Marekani ililipa dola milioni 15 na kupata California, Nevada, Utah, sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico, na vipande vya maeneo mengine. Ukijumlisha na Texas, Mexico ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya eneo lake. Mpaka huo haukuchorwa na hotuba ya Calhoun peke yake. Mjumbe Nicholas Trist alikuwa na maagizo yake kutoka kwa Rais James Polk, na hata alipoamriwa arudi nyumbani alikaidi, akabaki Mexico mpaka mkataba ukapatikana. Lakini ukiitazama ramani unaona wazi kilichochukuliwa na kilichoachwa: kaskazini yenye Wamexico wachache ilitwaliwa, na kusini yenye miji na mamilioni ya watu ikarudishiwa wenyewe, ingawa jeshi la Marekani lilikuwa limeketi katikati yake.

Naanza na kisa hicho kwa sababu masimulizi ya kawaida ya historia ya Marekani huigawa katika vyumba vitatu visivyo na milango kati yake. Kwanza ni upanuzi wa barani, unaohesabiwa kuwa ukuaji wa kawaida wa taifa changa. Kisha ni vita vya mwaka 1898, vinavyosimuliwa kana kwamba ni kujikwaa kwa muda katika ukoloni. Mwisho ni ushawishi wa baada ya 1945, unaoitwa uongozi na wanaoupenda, na ubeberu na wanaouchukia. Mimi naona historia hiyo ni moja, na kinachoiunganisha ni swali alilolitamka Calhoun bila aibu: ardhi ikishachukuliwa, watu waliomo watakuwa nani? Pale walowezi walipoweza kuwazidi wenyeji kwa idadi na kuwa raia, mipaka ilisogezwa. Pale wenyeji walipokuwa wengi mno na hawakutakiwa kuwa raia, Marekani ilitafuta njia ya kunufaika na nchi pasipo kuwajibika kwa watu wake. Njia hizo za pili ndizo zilizozaa kile tunachokiita leo ushawishi.

Haki inataka tuanze na lililokuwa jema. Sheria ya mwaka 1787 kuhusu eneo lililo kaskazini-magharibi ya mto Ohio iliamua kwamba nchi mpya hazitakuwa makoloni ya kudumu. Sehemu ya eneo hilo ikifikisha watu huru 60,000, iliruhusiwa kuomba kuwa jimbo lenye haki sawa na majimbo 13 ya mwanzo, na utumwa ulipigwa marufuku humo. Kwa dola za wakati ule lilikuwa jambo geni kabisa. Uingereza haikuwahi kuyaahidi makoloni yake viti katika Bunge la London. Sheria hiyohiyo iliahidi kwamba ardhi ya wenyeji wa asili haitachukuliwa bila ridhaa yao. Ahadi ya kwanza ilitimizwa kwa uaminifu wa kustaajabisha, ya pili ikavunjwa kila ilipozuia ya kwanza, kwa sababu hesabu ya watu 60,000 isingeweza kutimia bila mtu kupisha.

Kisa cha Wacherokee, taifa mojawapo la wenyeji wa asili, kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa maana wao walikuwa wamefanya kila walichoambiwa wafanye. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Sequoyah alikuwa amewatungia maandishi ya lugha yao, mwaka 1827 waliandika katiba, na mwaka 1828 gazeti lao, Cherokee Phoenix, lilianza kuchapishwa kwa Kicherokee na Kiingereza katika mji wa New Echota. Walilima, walikuwa na shule na mahakama, na wenye uwezo miongoni mwao walimiliki hata watumwa, kama majirani zao weupe. Kisha dhahabu ikapatikana Georgia, na jimbo hilo likatangaza kwamba sheria zake ndizo zitakazotawala katika nchi ya Wacherokee. Wacherokee wakaenda Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1831 Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba wao si nchi ya kigeni, hivyo hawawezi kulishitaki jimbo mbele ya mahakama ile. Aliwaita mataifa tegemezi ya ndani, yaliyo chini ya Marekani kama yatima alivyo chini ya mlezi wake. Mwaka uliofuata, katika kesi nyingine, Marshall huyohuyo aliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee, lakini Rais Andrew Jackson hakuchukua hatua yoyote kuitekeleza hukumu hiyo.

Kilichofuata kilifanyika kwa karatasi kabla ya kufanyika kwa bunduki. Mwezi Desemba 1835, hukohuko New Echota, kundi dogo la Wacherokee, lisilo na idhini ya mkuu wao John Ross wala ya baraza lao, lilitia saini mkataba wa kuiuza nchi yote. Ross alipeleka Washington maombi ya kuupinga yenye majina ya maelfu ya watu wake. Seneti iliupitisha mkataba kwa kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika. Mwaka 1838 Jenerali Winfield Scott aliwakusanya watu hao katika kambi, na wapatao 16,000 wakahamishwa kuelekea magharibi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba 4,000 walikufa kambini na njiani. Jenerali Scott huyo ndiye aliyeingia mji mkuu wa Mexico na jeshi lake miaka tisa baadaye.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sehemu yake katika kisa hiki, ingawa ni nadra kusimuliwa kwa namna hiyo. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilileta merikani na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kile kilifumwa katika viwanda vya kaskazini kwa pamba ya mashamba ya kusini iliyolimwa na watumwa, na katika miaka hiyo kilimo cha pamba kilikuwa kikipanuka upesi Georgia, Alabama na Mississippi, juu ya ardhi ambayo Wacherokee, Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw walikuwa wameondolewa. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejitwika mtumba wa merikani kutoka pwani hadi Ujiji alikuwa, bila kujua, katika mwisho wa mnyororo ulioanzia katika kambi za Jenerali Scott. Marekani haikutaka hata shubiri moja ya ardhi ya Zanzibar. Ilitaka soko na usalama wa wafanyabiashara wake, ikavipata.

Hatua nyingine za barani zinajulikana na sitazirefusha. Louisiana ilinunuliwa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, na Napoleon aliiuza baada ya jeshi lake kuteketezwa kwa vita na homa ya manjano katika kisiwa ambacho Wahaiti walikuwa wakijikomboa; Marekani, ambayo eneo lake liliongezeka maradufu kwa sababu hiyo, ilikaa hadi mwaka 1862 ndipo ikaitambua Haiti kuwa nchi huru. Alaska ilinunuliwa mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Mwaka 1868 mkataba wa Fort Laramie uliwaachia Walakota milima ya Black Hills, dhahabu ikaonekana humo mwaka 1874, na mwaka 1877 milima ikachukuliwa. Mahakama ya Juu ilikiri mwaka 1980 kwamba kitendo hicho kilistahili fidia, ikathibitisha malipo ya zaidi ya dola milioni 100, nao Walakota wamekataa kuzipokea fedha hizo hadi leo kwa sababu wanaitaka milima yao.

Basi mwaka 1898 ulipofika, hapakuwa na la kujifunza upya. Marekani iliishinda Hispania kwa miezi michache, ikapata Puerto Rico na Guam, na kwa dola milioni 20 ikanunua visiwa vya Ufilipino kutoka kwa Wahispania ambao walikuwa wameshashindwa na Wafilipino karibu kila mahali nje ya Manila. Felipe Agoncillo, mjumbe wa serikali ya Ufilipino, alikwenda Washington na Paris akitaka asikilizwe, na milango ikafungwa mbele yake. Vita vilivyofuata, kuanzia Februari 1899, viliua Wamarekani zaidi ya 4,000, wapiganaji wa Kifilipino wapatao 20,000, na raia ambao kadirio linalotajwa mara nyingi ni 200,000, wengi wao kwa njaa na kipindupindu. Wengi wa majenerali waliopelekwa huko walikuwa wamekomaa katika vita dhidi ya wenyeji wa asili wa Amerika. Henry Lawton, aliyeongoza msako wa kumtafuta Geronimo wa Waapache mwaka 1886, aliuawa karibu na San Mateo mwezi Desemba 1899 kwa risasi ya kikosi kilichoongozwa na jenerali Mfilipino aliyeitwa Licerio Gerónimo. Ni sadfa ya majina tu, lakini njia aliyopita askari yule kutoka jangwa la Arizona hadi mashamba ya mpunga ya Luzon haikuwa sadfa.

Lililo muhimu zaidi kwa hoja yangu halikuamuliwa vitani. Liliamuliwa katika bandari ya New York, kwa shehena ya machungwa. Kampuni ya Downes iliingiza machungwa kutoka Puerto Rico mwezi Novemba 1900, na mkusanya ushuru wa forodha wa bandari hiyo, George Bidwell, akaitoza ushuru wa dola 659.35. Kampuni ililipa, kisha ikashitaki. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Katiba inaagiza kwamba ushuru uwe sawa kote nchini, na Puerto Rico sasa ni sehemu ya nchi, basi machungwa ya San Juan hayapaswi kutozwa zaidi ya machungwa ya Florida. Mwezi Mei 1901 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliikataa hoja hiyo. Puerto Rico, ilisemwa katika maoni ya Jaji Edward White, ni mali ya Marekani lakini si sehemu ya Marekani. Mbele ya mataifa mengine ni ya Marekani, na ndani ya Marekani ni ya kigeni. Jaji Henry Billings Brown, aliyeisoma hukumu, alieleza sababu kwa uwazi zaidi: nchi hizo zikiwa na watu wa kabila nyingine, walio tofauti kwa dini, desturi, sheria na fikra, huenda isiwezekane kwa muda kuwatawala kwa misingi ya Waanglo-Saksoni. Brown huyo ndiye aliyekuwa ameandika hukumu ya mwaka 1896 iliyohalalisha ubaguzi wa mabehewa ya treni kati ya weusi na weupe. Jaji John Marshall Harlan alizipinga hukumu zote mbili. Katika kesi ya machungwa alisema kwamba Katiba haimpi mtu yeyote mamlaka ya kutawala makoloni nje ya mipaka ya Katiba hiyo.

Kwa hukumu hiyo, jibu la swali la Calhoun lilipata sura ya sheria. Kuanzia hapo iliwezekana kuichukua nchi na kuwaacha watu wake mlangoni, wakiongozwa na Bunge wasilolichagua, bila ahadi kwamba siku moja watakuwa jimbo. Nayo ni fikra ileile ya yatima na mlezi aliyoitamka Marshall mwaka 1831, iliyovushwa bahari.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya werevu zaidi, nayo ni kuacha kabisa kuichukua nchi. Cuba ilikuwa imeahidiwa uhuru na Bunge la Marekani kabla ya vita, na ahadi hiyo ilitimizwa mwaka 1902, ila baada ya Wacuba kulazimishwa kuingiza katika katiba yao masharti yaliyoitwa Platt: Marekani iwe na haki ya kuingilia kati itakapoona inafaa, Cuba isikope kupita uwezo wake, na itoe mahali pa kujengea vituo vya wanamaji. Guantánamo ilikodishwa mwaka 1903 bila tarehe ya mwisho. Cheki ya kodi, dola 4,085 kwa mwaka, bado hutumwa Havana, na serikali ya Cuba imekataa kuzibadilisha cheki hizo tangu mapinduzi, isipokuwa moja ya mwaka 1959. Mahali hapo ambapo si Marekani kwa hesabu ya uhuru wa nchi, na si Cuba kwa hesabu ya nani anashika bunduki, ndipo wafungwa walipopelekwa kuanzia mwaka 2002 ili sheria ya Marekani isiwafikie kwa urahisi.

Panama nayo ilitangaza kujitenga na Colombia tarehe 3 Novemba 1903, huku manowari ya Marekani ikiwa bandarini Colón. Siku kumi na tano baadaye mkataba wa mfereji ulitiwa saini Washington, na aliyetia saini kwa niaba ya Panama alikuwa Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla, aliyekuwa na maslahi katika kampuni ya mfereji. Wajumbe wa Panama walifika wakiwa wamechelewa kwa saa chache. Aliyekumbuka New Echota mwaka 1835 hakushangaa. Mfereji ulirudishwa kwa Wapanama tarehe 31 Desemba 1999, kwa mkataba aliousaini Rais Jimmy Carter mwaka 1977, na tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisema katika hotuba yake ya kuapishwa kwamba Marekani itautwaa tena. Katika hotuba hiyohiyo alimsifu William McKinley, rais wa mwaka 1898.

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni wa Haiti. Tarehe 17 Desemba 1914 wanamaji wa Marekani waliteremka Port-au-Prince mchana kweupe, wakaingia katika Benki ya Taifa, wakabeba dhahabu ya thamani ya dola 500,000 na kuipeleka New York. Vita haikuwa imetangazwa. Miezi saba baadaye walirudi, na wakakaa miaka 19. Mapato ya forodha yalikusanywa na Wamarekani na madeni ya mabenki yakawa ya kwanza kulipwa, wakulima walishikwa kwa nguvu kujenga barabara, na mwaka 1918 nchi ikapewa katiba mpya iliyowaruhusu wageni kumiliki ardhi, jambo ambalo waasisi wa Haiti walilikataza tangu mwanzo kwa sababu walizozijua migongoni mwao. Askari waliondoka mwaka 1934. Usimamizi wa fedha uliendelea hadi mwaka 1947. Hakuna jimbo lililozaliwa, hakuna bendera iliyobadilishwa, na hakuna Mhaiti aliyepata haki ya kumuuliza Mmarekani swali lolote bungeni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zana zote hizi zilikuwa tayari mikononi mwa taifa lililokuwa na nguvu kuliko yote. Ufilipino ilipata uhuru tarehe 4 Julai 1946, na Bunge la Marekani likaifunga kwa sheria ya biashara iliyowataka Wafilipino wabadilishe katiba yao ili raia wa Marekani wachimbe madini na kutumia ardhi kwa haki sawa na wenyeji. Mwaka uliofuata vituo vya kijeshi vilikodishwa kwa miaka 99. Iran mwaka 1953 na Guatemala mwaka 1954 zilipoteza serikali zilizochaguliwa, moja kwa ajili ya mafuta na nyingine kwa ajili ya ardhi iliyodaiwa na kampuni ya ndizi, na hofu ya ukomunisti ikafanya kazi katika zote mbili. Kongo, ambayo urani ya mgodi wake wa Shinkolobwe ilikuwa imetumika katika mabomu ya mwaka 1945, ilimchagua Patrice Lumumba mwaka 1960. Kabla mwaka haujaisha, shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa limepeleka sumu Léopoldville ili auawe. Sumu haikutumika, Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 na Wakatanga wakiwa pamoja na maofisa wa Kibelgiji. Lakini Mobutu, aliyesaidiwa kwa fedha na silaha kupanda juu, aliitawala nchi hiyo mpaka mwaka 1997, na watu wa mashariki ya Kongo wanaosema Kiswahili bado wanaishi ndani ya matokeo ya uamuzi ule uliofanywa mbali nao.

Karibu zaidi na pwani yetu ni Chagos. Wakazi wa visiwa hivyo walikuwa wazao wa watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska, na wa vibarua kutoka India, walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya minazi. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Mauritius, na mwishoni mwa mwaka 1966 ikakubaliana na Marekani kuhusu kituo cha kijeshi Diego Garcia. Malipo yalifichwa ndani ya punguzo la dola milioni 14 katika bei ya makombora ya Polaris, ili mabunge yasiulize. Kati ya mwaka 1968 na 1973 watu wote waliondolewa, kati ya 1,500 na 2,000, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa kwa moshi mbele ya macho yao. Ofisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliandika mwaka 1966 kwamba haitabaki jamii yoyote ya wenyeji pale isipokuwa shakwe. Ndege za kivita zimeruka kutoka hapo kwenda Iraq na Afghanistan. Mkataba uliosainiwa Mei 2025 ulikubali kwamba visiwa ni vya Mauritius, ukaacha kituo kwa miaka 99, na ukawaruhusu Wachagosi kurudi kwenye visiwa vingine, si Diego Garcia. Kwa macho yangu hapa ndipo historia nzima inapofikia ukamilifu wake wa kutisha: si lazima tena kuamua watu watapewa hadhi gani, kwa sababu wamehakikisha hakuna watu.

Wapo watakaosema kwamba nachagua mabaya na kuruka mema, na pingamizi hilo halipaswi kupuuzwa. Mpango wa misaada wa baada ya vita, ulioitwa wa Marshall (si yule jaji), ulipeleka dola bilioni 13 Ulaya na kuinua nchi zilizobomoka. Mwaka 1956 Rais Dwight Eisenhower aliwalazimisha Waingereza, Wafaransa na Waisraeli waondoke Suez, na Misri ikabaki na mfereji wake. Hata habari za sumu ya Lumumba tunazijua kwa sababu kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilizichimbua na kuzichapisha mwaka 1975. Si dola nyingi zilizowahi kujifungulia makabati namna hiyo. Aidha, kila hatua niliyoitaja ilipingwa na Wamarekani. Abraham Lincoln, akiwa mbunge wa muhula mmoja, alimtaka Polk aonyeshe mahali hasa ambapo damu ya Wamarekani ilimwagwa ili vita vya Mexico vianze. Mark Twain alikuwa makamu wa rais wa chama kilichopinga kuitwaa Ufilipino.

Nayakubali hayo yote, ila nataka yaangaliwe kwa swali lilelile. Ulaya ya Magharibi ilipewa misaada na ikaachiwa serikali zake, hata zilipokuwa na vyama vya kisoshalisti madarakani. Guatemala iligawa ardhi kwa wakulima wake ikapinduliwa. Tofauti hiyo haielezeki kwa vita baridi peke yake. Na miongoni mwa waliopinga kuitwaa Ufilipino walikuwamo wengi ambao hoja yao ilikuwa ya Calhoun, neno kwa neno: hawakutaka Wafilipino wawe raia wenzao. Ndiyo maana waliopinga ukoloni kwa sababu ya haki na waliopinga kwa sababu ya rangi waliweza kuketi meza moja, na ndiyo maana kundi la pili liliridhika pale ushawishi bila uraia ulipopatikana.

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya makavazi aiangalie Puerto Rico. Wakazi wake wapatao milioni 3.2 ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, wamepigana katika vita vyake, lakini hawampigii kura rais, na mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi hana kura pale muswada unapopitishwa. Deni la kisiwa lilipozidi dola bilioni 70, Bunge lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kuunda bodi ya watu saba ya kusimamia fedha zake, wakiteuliwa na rais, na bodi hiyo ikawa na uwezo wa kuibatilisha bajeti ya serikali iliyochaguliwa na wananchi. Mhaiti wa mwaka 1916 angeuelewa mpango huo bila kuelezwa mara mbili. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya mtu mmoja mwenye ulemavu aliyekuwa akipokea posho ya serikali huko New York, akahamia Puerto Rico, kisha akadaiwa arudishe zaidi ya dola 28,000 kwa sababu posho hiyo haitolewi kisiwani. Hakubadili uraia wake. Alipanda ndege tu, ndani ya nchi yake. Mahakama iliamua kwamba Bunge lina ruhusa ya kumtofautisha namna hiyo. Jaji Neil Gorsuch alikubaliana na uamuzi huo, lakini akaandika kwamba hukumu za mwaka 1901 zimejengwa juu ya dharau za rangi na kwamba umefika wakati zifutwe. Hazijafutwa. Aliyepinga uamuzi wenyewe ni mmoja kati ya majaji tisa, Sonia Sotomayor, ambaye wazazi wake walizaliwa Puerto Rico.